Masikio ya Gunia

Naomba mnisamehe mwandiko kabla hamjafika mbali. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mahali pengine nimekosea neno, nikafuta, nikakosea tena. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, mkono wangu umezoea uzi mnene kuliko kalamu. Lakini kuna mtu nataka mumfahamu, na kwa mdomo siwezi kumweleza, maana watu wakishanitazama maneno yananikimbia.

Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Nyapara, kwa sababu alikuwa nyapara wa wapakiaji kwenye godauni moja la mahindi na maharage pale Igamba, Mbozi. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui vizuri. Nilimfahamu kuanzia nilipomaliza shule, mama aliponichukua kwenda naye kuchambua maharage.

Godauni lile lilikuwa na pande mbili. Wanawake tulikaa chini upande wa mlango, kwenye mwanga, tunatoa mawe na maharage mabovu. Wanaume walikuwa upande wa ndani, wanajaza magunia, wanayashona, wanayabeba hadi kwenye lori. Hakuna aliyewahi kusema mwanamke asiende upande ule. Hatukwenda tu. Mwezi wa sita Mbozi ni baridi, vidole vinakufa ganzi hadi unashindwa kujua umeshika jiwe au haragwe. Nikikumbuka miaka ile, huo ndio mwanzo wa kumbukumbu zangu zote, vidole visivyosikia kitu.

Nyapara alikuwa na sauti kubwa. Hata ukiwa mbele yake alizungumza kama mtu anayemwita dereva aliye ng'ambo ya barabara. Mimi aliniita Kimya. "We Kimya, umekula?" Nikiitikia kwa kichwa, anawageukia wengine. "Kimya amesema amekula!" Watu wanacheka. Sikuchukia. Ilikuwa afadhali kuliko kujibu.

Katika kushona magunia hakuna aliyemkaribia. Alichukua shazia, ile sindano ndefu iliyopinda ncha, akatunga uzi wa nailoni, akaanzia kwenye kona. Kona ile aliikusanya kwenye ngumi, akaizungushia uzi, ikasimama kama sikio la mbuzi. Halafu mkono ulikwenda, ukarudi, ukaenda, hadi kona ya pili, na pale pia akafunga sikio. Magunia ya wengine yalikuwa na masikio malegevu, ama sikio moja. Akiliona la namna hiyo alilipiga teke.

"Hili utalishika wapi?"

Ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema kwa magunia, na alilisema kwa mambo mengine. Kijana akimletea maneno ya kuzungukazunguka, kwamba hakuja jana kwa sababu hii na ile, Nyapara alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwuliza, "Sasa hayo nitayashika wapi?"

Mtu huyo huyo, mwenye mkono ule, alikuwa anasema mwanaume hashoni.

Alilisema mara nyingi. Siku moja kijana mmoja aliyetoka Galula, ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa anachimba dhahabu, alikaa pembeni wakati wa chakula akaanza kushikiza kifungo cha suruali yake. Kule machimboni wanaishi wanaume peke yao, kila mtu anajitengenezea. Nyapara alipomwona alipiga kelele.

"Wewe! Umeolewa lini?"

"Suruali inavuka, Nyapara."

"Ikivuka si ina mkanda? Mpelekee dada yako. Mwanaume hashoni."

Mama yangu alikuwa haogopi mtu. Akainua uso kutoka kwenye maharage. "Nyapara, na hicho kilicho mkononi mwako ni nini?"

"Hii shazia, mama."

"Ina tundu?"

"Ina tundu."

"Umepita uzi?"

"Umepita."

"Basi unashona."

"Nafunga mzigo, mama. Kushona ni ile sindano ndogo." Akatuonyesha kwa vidole udogo wake, kama mtu anayeonyesha kiroboto. Wanaume wakacheka. Kijana wa Galula akaifunika suruali yake kwa koti.

Siku zile shati la Nyapara lilikuwa na vifungo vyote. Mkewe alikuwa hai.

Mkewe aliugua muda mfupi, mvua zikiwa bado zinanyesha, akafariki. Tulikwenda msibani, tukapika, tukaimba nyimbo za kanisani. Alimwacha mtoto mmoja wa kike, wa darasa la pili, mwenye uso mrefu kama wa baba yake. Baada ya mazishi Nyapara alirudi kazini. Sikumwona akilia. Alishona. Sauti yake ilikuwa kubwa vilevile, ila tulianza kuona vifungo vikipungua kwenye shati lake, hadi kikabaki kimoja cha katikati.

Sasa nieleze habari ya sare.

Ilikuwa Jumamosi. Mtoto wake alikuja godauni amevaa sare ya shule, na shule haikuwepo siku hiyo. Alikuja moja kwa moja hadi kwetu wanawake, akasimama, hakutaka kukaa. Mama akamwuliza mbona hajabadilisha nguo. Akasema haitoki.

"Haitoki vipi?"

"Baba alinifunga."

"Alikufunga?"

"Alinishona."

Tukamsogeza kwenye mwanga. Vifungo vya blauzi vilikuwa vimekatika, kwa hiyo Nyapara alikuwa ameshona sehemu yote ya mbele kuanzia tumboni hadi shingoni. Zipu ya sketi ilikuwa imekufa, akaishona nayo. Blauzi ilikuwa inachomoka, akaishona pamoja na sketi, kiuno kizima. Vyote kwa shazia na uzi wa nailoni, mtoto akiwa ndani. Gunia hushonwa likiwa limeshajaa, hakujua njia nyingine. Na shingoni, kila upande, alikuwa ameacha sikio. Kiunoni pia.

Mtoto alikuwa amelala nayo, ameamka nayo. Jana yake shuleni mwalimu alitaka kumkatia kwa wembe, akakataa. Alisema baba ameshona vizuri, hakumchoma hata mara moja.

Hakuna aliyecheka. Mama alichukua kisu cha kukatia kamba, akakata mshono mmoja mmoja, taratibu, nyuma ya kitenge nilichokishika mimi. Nyapara alikuwa upande wa ndani. Alituona. Aliendelea kufunga mzigo.

Habari ile ilitembea. Kijijini watu waliicheka, na kwa simu ikavuka mpaka wa Zambia hadi Nakonde, kwa mdogo wa kike wa marehemu mke wa Nyapara. Mtoto wa Nyapara anamwita mama mdogo. Ameolewa upande wa Zambia, ana duka la vitenge, na maneno yake yamechanganyika na ya huko. Akampigia Nyapara. Nyapara alisikiliza simu pale pale godauni, na kwa kuwa simu yake nayo ilikuwa na sauti kubwa, wote tulisikia.

"Shemeji, mtoto wa dada yangu anashonwa kama gunia?"

"Ilikuwa dharura, shemeji."

"Awe, awe, mimi hapana. Nakuja shule zikifungwa. Nikikuta nyumbani kwako kuna mtu wa kumtengenezea huyu mtoto nguo zake, namwacha. Nikikuta hakuna, naondoka naye. Msichana anakua huyo."

"Njoo tu."

Akaweka simu mfukoni. Siku ile hakupiga teke gunia la mtu.

Baada ya hapo alinifuata. Alisimama mbele yangu, akashusha sauti, na sauti yake ikishushwa ilikuwa kama ya mtu mwingine, mgonjwa kidogo.

"We Kimya. Ile sindano ndogo unaijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nani alikufundisha?"

"Shule," nikasema. "Darasa la tano. Wasichana tulishona, wavulana walikwenda kulima bustani."

"Hata mimi nililima bustani," akasema. Akawa kama mtu anayekumbuka mahali njia zilipoachana. "Bustani yenyewe ililiwa na mbuzi."

Tulijifunza wakati wa chakula, nyuma ya rundo la magunia. Mama alikuja kukaa karibu nasi akiwa na ungo wake ili watu wasipate la kusema. Nyapara alikuwa mwanafunzi mgumu. Sindano ilipotea ndani ya vidole vyake. Alivuta uzi kwa nguvu ya gunia, kitambaa kikajikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Nilikuwa namfundisha bila kusema, nashona mimi kidogo, naweka chini, anachukua yeye. Lakini alikuwa na tatizo moja kubwa. Nguo tupu hakuiweza. Ikilala tu mapajani, mkono haukujua uende wapi.

Akatafuta njia yake mwenyewe. Alichukua blauzi na sketi za mtoto, akazijaza maganda ya mahindi hadi zikasimama. Ikawa kila siku nyuma ya magunia kuna mtoto wa maganda, hana kichwa, hana miguu, na Nyapara amepiga magoti mbele yake anamshikizia vifungo. Nilizoea kumwona. Mtu huzoea vitu vingi.

Mwisho wa kila pindo alifunga sikio.

"Hapa hapahitaji masikio," nilimwambia, na kwangu mimi hata hiyo ilikuwa sentensi ndefu.

"Utaishika wapi?"

Nikamwacha, ila nikamwonyesha kuyafanya madogo, kiasi cha punje ya mchele, yasionekane kwa mbali.

Naye alinipa shazia. Hakusema kwamba ananifundisha. Alisema, "Shika hii nikamwone dereva," akaondoka, akakaa huko hadi nilipomaliza gunia. Alirudi akalipiga teke. Halikufunguka. Baadaye mnunuzi alipouliza nani kashona safu ile, Nyapara akasema, "Kijana wangu mmoja." Nikawa nashona hivyo, kijana wake mmoja, kwa muda mrefu.

Kijana wa Galula alitugundua. Alikuja kuchukua kamba, akakuta mtoto wa maganda amesimama na Nyapara ana sindano mdomoni.

"Nyapara! Huyu nani hana kichwa?"

Nyapara akaitoa sindano. "Gunia dogo. La sampuli."

"Lina kola?"

"Mahindi ya siku hizi yanasikia baridi. Toka hapa."

Kijana yule alicheka hadi akakaa chini. Lakini akasema pia, "Nyapara, kushona si aibu. Mimi najishonea tangu machimboni." Nyapara akamjibu, "Wewe huna mtu wa kukuangalia. Mimi nina watu ishirini wananiangalia. Kesho nitamwamuru nani?" Hapo ndipo nilipomwelewa kidogo. Alikuwa anaamini kwamba unyapara wake wote ulikuwa umening'inia kwenye neno lile moja, na neno likikatika, mzigo utamwagika.

Shule zikafungwa. Mama mdogo wa Nakonde akaja, amevaa koti zito, ana mkoba. Mama na mimi tulikwenda kusaidia kupika. Kwa kuwa ni mgeni, wapakiaji nao walikuja kusalimia, wakajaa sebuleni, kijana wa Galula akiwa kati yao. Mtoto alikuwa amependeza. Blauzi nyeupe, vifungo vyote, pindo la sketi limenyooka.

Mama mdogo hakunywa hata chai kwanza. Alimwambia mtoto alete nguo zake zote. Akazigeuza nje ndani, moja moja, anapitisha kidole kwenye mishono. Alivuta vifungo. Havikutoka. Alifika kwenye vile vimasikio vidogo akavitazama sana.

"Nani kashona hizi?"

Ilikuwa ni kusema neno moja tu. Nyapara alimtazama mtoto, akawatazama vijana wake, waliokuwa wamejipanga ukutani na vikombe mikononi.

"Fundi," akasema.

"Fundi gani?"

"Fundi tu. Yupo sokoni."

Mtoto alimtazama baba yake. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na sufuria. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kijana wa Galula aliangalia ndani ya kikombe chake.

"Basi," mama mdogo akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Nilitaka kuona kama kuna mtu humu ndani. Mafundi hata Nakonde wapo."

Waliondoka siku iliyofuata kwa bodaboda hadi barabara kubwa, kisha basi la Tunduma. Nguo zilifungwa kwenye mfuko wa salfeti. Nyapara mwenyewe ndiye aliyeishona mdomo, kwa shazia, masikio mawili makubwa. Akampa mtoto ashike moja, mama mdogo ashike jingine. Aliporudi godauni lori lilikuwa linasubiri. Wanawake wengine walilia. Mimi sikulia, sijui kwa nini. Nilichambua maharage hadi jioni na sikumbuki hata haragwe moja.

Baada ya hapo mambo yaliendelea. Nyapara aliendelea kusema mwanaume hashoni, lakini alilisema kama mtu anayesoma bango. Vifungo vya shati lake vilirudi vyote. Hakuna aliyeuliza nani kaviweka.

Mama alipoanza kuumwa mgongo aliacha kazi, nami nikahamia Chapwa, Tunduma, kwa shangazi. Sokoni hapa nashona magunia. Mwanzoni wanaume walinicheka, wakanipa gunia la pumba wakitegemea limwagike. Nikafunga masikio, nikalivuta, nikaliacha mbele yao. Siku hizi wananiita tu. Siku nyingine navuka kupeleka mchele Nakonde, na ndiyo maana Nyapara akaanza kunitumia magauni.

Yalikuja na madereva wa malori, yamefungwa kwenye mfuko, hayana maneno yoyote. Kwa simu alisema, "Mpelekee. Sema ni fundi." Yeye mwenyewe hakuvuka. Nilimwuliza mara moja kwa nini haendi kumwona. Akasema, "Nikienda atataka kurudi na mimi. Halafu?" Mimi niliyapeleka. Mtoto aliyapokea kwa mikono miwili, akayageuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye pindo hadi mwisho, akatulia pale mwisho, kisha akasema asante.

Karibuni gauni moja halikupanda. Mabega yake yalikuwa yamelizidi, na urefu uliishia juu ya magoti. Nyapara alikuwa anashona kwa kipimo cha mtoto aliyemwona akiondoka, yule wa maganda. Nikampigia. "Niletee kipimo," akasema.

Sikuwa na tepu ya fundi. Nilikuwa na uzi wa gunia. Nilimsimamisha msichana nyuma ya duka la mama yake mdogo, nikafunga fundo begani, fundo kiunoni, fundo chini ya goti. Sasa ananikaribia kimo. Nilipotaka kuukunja uzi, akauchukua. Akaikusanya ncha moja kwenye vidole, akaizungushia, akaivuta. Sikio. Akafanya na ncha ya pili.

"Mwambie fundi ashike hapa," akasema.

Nilikwenda Igamba kumwona mama, nikapita godauni. Lori lilikuwa linapakiwa, wapakiaji wote wapo, sura nyingine mpya, kijana wa Galula bado yupo na sasa ana tumbo. Nyapara amezeeka. Anashona akiwa amekaa. Nilitaka nimwite pembeni, nyuma ya magunia, lakini alinyoosha mkono pale pale. Nikampa uzi.

Aliuvuta taratibu, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akausimamisha kutoka chini, akaona unapofika kifuani kwake. Halafu akafika kwenye ncha. Akayagusa masikio kwa kidole gumba.

"Nani kafunga haya?"

"Yeye."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

Akakaa na uzi ule mkononi. Kijana mmoja mgeni, aliyekuwa hajui lolote, akauliza, "Nyapara, hiyo kamba ya nini, tunapima nini?"

Nyapara akauvaa ule uzi shingoni, kama mafundi wanavyovaa tepu, ncha mbili zikaning'inia kifuani na masikio yake.

"Namshonea mwanangu gauni," akasema, kwa ile sauti ya kumwita dereva ng'ambo ya barabara. "Nashona mwenyewe. Na yale ya zamani nilishona mwenyewe. Leta gunia."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa Galula alileta gunia, akalishikilia mdomo, na Nyapara akalishona. Alifanya kazi mchana wote na uzi ule shingoni. Nilipoondoka alikuwa hajauvua.

Kama mtoto atarudi, sijui. Sijamwambia mama mdogo kwamba fundi ni Nyapara, sijaambiwa nimwambie. Ninayoweza ni kupeleka gauni likiwa tayari, na safari hii sitasema ni la fundi.

Ninyi mnaosoma, naomba mniandikie. Niambieni kama shuleni kwenu wavulana bado wanapelekwa bustanini wasichana wakishika sindano, na kama kuna baba hapo anayeshona, amewaambia watu au bado anasema ni fundi. Msiogope mwandiko, hata wangu mmeuona. Nitajibu. Itachukua muda, maana naandika polepole, lakini nitajibu.